Vitabu vya dinosaria kwa nyumba yenye mtoto wa miaka minne, wa tisa, wa kidato cha pili na mzazi wao

Baba Neema, Dar es Salaam

Ndugu zangu wasomaji, nawasalimu nyote. Naomba ushauri wenu kuhusu vitabu vya dinosaria kwa nyumba yenye wasomaji wa rika mbalimbali. Mwanangu wa mwisho ana miaka minne na bado anasomewa. Wa kati ana miaka tisa, anasoma Kiswahili bila shida na Kiingereza kwa kusuasua. Dada yao, Neema, yuko kidato cha pili, na yeye ndiye aliyeyaanzisha haya yote baada ya kusikia darasani kwamba mifupa ya mjusi mkubwa wa Tendaguru, mkoani Lindi, imesimamishwa katika makumbusho ya Berlin. Mimi ni mzaliwa wa Lindi, kwa hiyo watoto wanaamini kwamba ninapaswa kuyajua mambo haya kuliko mtu mwingine yeyote, na maswali yao yamekwisha kunizidi.

Vitabu ninavyovikuta madukani vimejaa picha za meno na damu, majina marefu yasiyo na maelezo, na wanyama wa Marekani na China tu. Bei zake nazo haziruhusu kubahatisha. Ningependa kujua ni vitabu gani vinamfaa nani, namna ya kutambua kitabu kilichopitwa na wakati kabla ya kutoa fedha, na kama kipo kitabu kinachoeleza habari za Tendaguru kwa undani, ambacho mimi na Neema tunaweza kukisoma pamoja. Kiingereza chetu si kibaya, ila lugha ya kitaalamu sana itatuchosha.

Mwalimu Tatu, Morogoro

Baba Neema, karibu sana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, hivyo nitawasemea wadogo wawili na kuwaachia wengine wakubwa.

Kwa mtoto wa miaka minne usitafute kitabu chenye maarifa mengi. Tafuta chenye picha kubwa zisizosongamana na sentensi fupi, ili uweze kumsomea kwa Kiswahili papo hapo ingawa kimeandikwa kwa Kiingereza. *Dinosaurs, Dinosaurs* cha Byron Barton, kilichotoka mwaka 1989, kinafaa sana kwa kazi hiyo, kwa sababu maneno yake ni machache na kila ukurasa unaonyesha jambo moja tu: huyu ana pembe, huyu ana shingo ndefu, huyu ana miiba mgongoni. Mtoto atakikariri, kisha yeye ndiye atakayekusomea wewe. Mwandishi huyohuyo ana kingine, *Bones, Bones, Dinosaur Bones* cha mwaka 1990, kinachowaonyesha watu wakitafuta mifupa, wakiifunga, wakiisafirisha na kuiunganisha upya. Kwa nyumba yenye asili ya Lindi ningeanza na hicho cha pili, kwa kuwa ndiyo kazi iliyofanyika Tendaguru.

Watu wengi watakutajia *How Do Dinosaurs Say Good Night?* cha Jane Yolen, chenye michoro ya Mark Teague. Ni kitabu kizuri cha kumlaza mtoto na michoro yake inachekesha, lakini kwa kweli kinahusu adabu za kwenda kulala. Dinosaria wamekuja humo kama wageni, ingawa jina la kila mmoja limefichwa mahali fulani katika mchoro wake, na kulitafuta ni mchezo ambao watoto hawauchoki. Kinunue ikiwa unataka kicheko, usikinunue ukidhani ni cha elimu ya viumbe.

Kwa wa miaka tisa nina pendekezo ambalo sijawahi kulijutia, nalo ni *Digging Up Dinosaurs* cha Aliki. Toleo la kwanza ni la mwaka 1981. Kinaeleza kwa michoro yenye vibonzo jinsi mfupa unavyogeuka kuwa kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe, jinsi wachimbaji wanavyoufunika kwa plasta ili usivunjike njiani, na jinsi unavyofika makumbusho. Mtoto anayesoma Kiingereza kwa shida husaidiwa na michoro hiyo, kwa sababu kila hatua ya kazi ameiona kwa macho kabla hajalifikia neno lake.

Akipenda hadithi, mpe *Dinosaurs Before Dark* cha Mary Pope Osborne, cha mwaka 1992, ambacho ni cha kwanza katika mfululizo wa Magic Tree House. Ndugu wawili wanasafirishwa na nyumba ya mtini hadi zama za dinosaria. Sura zake ni fupi, na mtoto anayesuasua hupata fahari ya kukimaliza kitabu kizima peke yake. Jambo moja la kumweleza ni kwamba Pteranodon anayeonekana humo si dinosaria bali ni mtambaazi arukaye wa kundi jingine. Mwenyewe humwambia mwanafunzi ahesabu ni wanyama gani katika kitabu wasio dinosaria, na zoezi hilo humfanya asome kwa makini kuliko mtihani wowote ninaoweza kumtungia.

Mjiolojia wa Songwe

Nampongeza Mwalimu Tatu kwa mapendekezo yake. Nitajibu lile swali la kitabu kilichopitwa na wakati, maana naona ndilo litakalomwokolea Baba Neema fedha nyingi zaidi.

Fungua kwanza ukurasa wa hakimiliki uangalie mwaka, kisha tazama picha. Mwaka 1996 wataalamu wa China walitangaza Sinosauropteryx, dinosaria mdogo ambaye kisukuku chake kilionyesha mwili uliofunikwa na manyoya mepesi, na baada yake wakapatikana wengine wengi. Kwa hiyo kitabu kinachomchora Velociraptor, dinosaria mdogo mla nyama, akiwa na ngozi tupu kama ya kenge kimeandikwa kabla ya habari hizo kuenea, au mchoraji wake hakujali. Alama nyingine ni mkia. Katika vitabu vya zamani dinosaria wakubwa huburuta mikia chini, ilhali leo inakubalika kwamba waliibeba juu, ikilingana na shingo kwa uzito. Alama ya tatu ni sura ya kutoweka kwao. Habari za shimo la Chicxulub huko Yucatán, Meksiko, lililochimbwa na kimondo miaka milioni 66 iliyopita, zilichapishwa mwaka 1991, kwa hiyo kitabu kinachosema kwamba chanzo hakijulikani kabisa ni cha kabla ya hapo, hata kama jalada lake linang'aa.

Hata hivyo, sisemi kila kitabu cha zamani kitupwe. Hicho cha Aliki alichokitaja Mwalimu ni cha zamani, lakini kinaeleza kazi ya uchimbaji, na kazi hiyo haijabadilika sana: bado tunatumia patasi, brashi, plasta na subira. Kinachochakaa upesi ni orodha za wanyama na michoro ya miili yao.

Kwa Neema wa kidato cha pili ningechagua ensaiklopidia ya Thomas Holtz, *Dinosaurs: The Most Complete, Up-to-Date Encyclopedia for Dinosaur Lovers of All Ages*, iliyotoka mwaka 2007 ikiwa na michoro ya Luis Rey. Jina lake ni refu na la kujisifu, lakini sijaona kitabu kingine kinachomchukua kijana kwa uzito kiasi hicho. Holtz hamwambii msomaji nani alikuwa mkubwa na nani alikuwa mkali tu. Anamweleza jinsi wataalamu wanavyolinganisha mifupa ili kujua nani ni ndugu wa nani, na kwa nini wanabishana. Ndani yake wamo pia wataalamu wengine walioandika vipande vifupi kuhusu utafiti wao. Msomaji mwenye bidii wa miaka kumi na miwili anaweza kuanza nacho, na bado kikamfaa hadi chuo kikuu.

Akikimaliza na akataka simulizi, mpe *The Rise and Fall of the Dinosaurs* cha Steve Brusatte, cha mwaka 2018. Hicho kinakufaa na wewe mzazi. Kinaanza tangu dinosaria walipokuwa wanyama wadogo wasio na sifa hadi siku ya kimondo, na mwandishi, ambaye ni mtafiti mwenyewe, anachanganya sayansi na safari zake kwa lugha inayosomeka. Wapo wanaolalamika kwamba anawasimulia mno wataalamu wenzake. Mimi naona sehemu hizo zinamfundisha kijana kwamba sayansi hufanywa na watu.

Kwa habari ya kimondo peke yake, *T. rex and the Crater of Doom* cha Walter Alvarez, cha mwaka 1997, kimeandikwa na mmoja wa watu waliolivumbua jambo lenyewe. Alikuta iridiamu, metali iliyo adimu ardhini lakini ya kawaida katika vimondo, kwa wingi usio wa kawaida katika tabaka jembamba la udongo karibu na mji wa Gubbio, Italia, na kitabu kinafuatilia jinsi kidokezo hicho kilivyowafikisha kwenye shimo la Yucatán. Ni kifupi, na kinakwenda kama upelelezi wa kesi.

Umelalamika, na kwa haki, kwamba vitabu vinazungumzia Marekani na China tu. Ujue basi kwamba hata vitabu vizuri vya nyuma haviwezi kuwa na baadhi ya wanyama wa kwetu, kwa sababu walipewa majina hivi karibuni. Nyasasaurus, ambaye mifupa yake iliokotwa karibu na Ziwa Nyasa katika miaka ya 1930, alielezwa rasmi mwaka 2013. Ana umri wa miaka takriban milioni 243, na huenda ndiye dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au ndugu yao wa karibu sana. Bonde la Rukwa limetupatia Rukwatitan mwaka 2014, Shingopana mwaka 2017 na Mnyamawamtuka mwaka 2019, wote wakiwa wala majani wenye shingo ndefu. Mwambie Neema ayatafute majina hayo katika faharasa ya kitabu chochote anachotaka kukinunua. Yasipokuwemo si kosa la mwandishi aliyeandika kabla, lakini yakikosekana katika kitabu kinachodai kuwa kipya na kamili, ningekirudisha rafuni.

Mama Faraja, Berlin

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo nawasalimu. Ninaishi Berlin na huwapeleka wanangu kwenye hayo makumbusho mara kwa mara, kwa hiyo nitajibu swali la Tendaguru.

Kitabu kikuu kwa Kiingereza ni *African Dinosaurs Unearthed: The Tendaguru Expeditions* cha Gerhard Maier, kilichochapishwa mwaka 2003. Ni kinene na kimejaa majina, tarehe na hesabu za masanduku, na mahali pengine mwandishi hawezi kuacha hata barua moja bila kuitaja. Lakini kwa mtu wa Lindi sidhani kama kuna kurasa zitakazomchosha, maana njia, vijiji na bandari anavyovitaja anavijua. Kinaeleza jinsi habari za mifupa mikubwa zilivyofikishwa na mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, mwaka 1906. Jinsi Eberhard Fraas alivyokwenda kuithibitisha mwaka 1907. Na jinsi makumbusho ya Berlin yalivyotuma msafara chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig mwaka 1909. Kazi iliendelea hadi mwaka 1913, na kwa wakati fulani wachimbaji na wapagazi walifikia mamia kadhaa. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, hadi bandari ya Lindi.

Sehemu ambayo ningependa Neema aisome kwa makini ni ile ya watu waliofanya kazi hiyo. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, fundi ambaye macho yake yalitegemewa kuutambua mfupa ndani ya jiwe, na ambaye baadaye aliwafanyia kazi Waingereza pia. Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Vitabu vya watoto vya Ulaya vinavyomtaja Janensch na kumwacha Boheti ni vingi, nami huwa nawasimulia wanangu sehemu inayokosekana tunapofika kwenye ukurasa huo.

Maier haishii kwa Wajerumani. Anawafuata Waingereza waliochimba tangu mwaka 1924, chini ya William Cutler, ambaye alifariki kwa malaria huko Lindi mwaka uliofuata. Msaidizi wake katika msimu wa kwanza alikuwa kijana Louis Leakey, yule ambaye baadaye alijulikana kwa kazi ya Olduvai. Msomaji wa Afrika Mashariki akifika hapo huanza kuona jinsi historia ya visukuku vyetu inavyounganishwa na watu walewale.

Ikiwa wewe, Baba Neema, unataka kuzama katika swali la mifupa hiyo ilichukuliwa katika mazingira gani, kuna kitabu cha Kijerumani, *Dinosaurierfragmente*, kilichotoka mwaka 2018 kwa kazi ya watafiti kadhaa wa historia, na tafsiri yake ya Kiingereza, *Deconstructing Dinosaurs*, imekwishatoka. Kinakumbusha jambo ambalo vitabu vya wanyama hulipita kimyakimya: uchimbaji ulianza muda mfupi tu baada ya Vita vya Maji Maji, katika eneo lililokuwa limeumizwa na vita na njaa, na watu waliotafuta vibarua Tendaguru walitoka katika hali hiyo. Ni kitabu cha kitaaluma, si cha kijana wa kidato cha pili, ila mzazi anaweza kukisoma na kumsimulia.

Kwa Kiswahili kipo *Dinosaria wa Tendaguru*, kitabu cha watoto cha Cassian Magori na Charles Saanane, kilichotolewa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1990. Si rahisi kukipata dukani leo, kwa hiyo ulizia maktaba kubwa au wauza vitabu vilivyotumika. Ukikipata kwa bei yoyote ya haki usikiache, kwa sababu mwanao wa miaka tisa atakisoma mwenyewe bila mkalimani, na hilo ni jambo ambalo hakuna kitabu kingine tulichokitaja hapa kinachoweza kumpa.

Muuza Vitabu, Kariakoo

Nitaongeza maneno machache kwa upande wa biashara na kwa upande wa ladha.

Vitabu vya Barton, Aliki na Osborne hupatikana mara kwa mara katika vitabu vya mitumba kutoka Marekani, vikiwa katika hali nzuri na kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani. Cha Holtz ni kizito na hakiji mara nyingi. Cha Maier itakubidi ukiagize.

Wenzangu wamekaa kwenye sayansi, nami nawaheshimu, lakini kijana wa kidato cha pili anahitaji pia riwaya. Wengi wataruka moja kwa moja kwenye *Jurassic Park* cha Michael Crichton, cha mwaka 1990. Ni riwaya inayomshika msomaji, ila ina mauaji ya kutisha kuliko filamu, na mzazi akisome kwanza. Ningempa Neema *Raptor Red* cha Robert Bakker, cha mwaka 1995. Mhusika mkuu ni dinosaria jike anayewinda, anayempoteza mwenzi wake na kuhangaika kutafuta familia, na mwandishi ni mtaalamu wa visukuku anayejua anachokisema kuhusu mwenendo wa wanyama. Mjiolojia atasema kwamba baadhi ya mambo yake yamepitwa na wakati, na atakuwa na haki. Lakini sijaona riwaya nyingine ya dinosaria inayomfanya msomaji amhurumie mnyama mwenyewe badala ya kumkimbia.

Mjiolojia wa Songwe

Sitapinga, Muuza Vitabu. Bakker ni miongoni mwa watu waliotufanya tuache kuwachukulia dinosaria kama mijusi mizembe, na riwaya yake imeubeba mtazamo huo vizuri. Naongeza kimoja nilichokisahau kwa ajili ya wa miaka tisa: *Dinosaurs and Other Prehistoric Life* cha Anusuya Chinsamy-Turan, cha mwaka 2021. Mwandishi ni profesa wa Chuo Kikuu cha Cape Town aliyebobea katika kusoma umri na ukuaji wa dinosaria kwa kuchunguza vipande vyembamba vya mifupa kwa hadubini. Ana kitabu kingine, *Famous Dinosaurs of Africa* cha mwaka 2008, ambacho kinajibu moja kwa moja malalamiko ya Baba Neema kuhusu Marekani na China.

Baba Neema, Dar es Salaam

Nawashukuru nyote kwa moyo wenu. Nimeamua kuanza na *Bones, Bones, Dinosaur Bones* kwa mdogo, cha Aliki kwa wa kati huku nikitafuta kile cha Kiswahili, na cha Brusatte ambacho mimi na Neema tutapokezana. Cha Maier nitakiagiza fedha zikipatikana, na nitakwenda Kariakoo kuulizia *Raptor Red*.

Nina swali moja lililobaki. Neema amekuta katika kitabu kimoja kwamba mjusi wa Tendaguru anaitwa Brachiosaurus, na katika kingine anaitwa Giraffatitan. Ananiuliza ni kipi kati ya vitabu hivyo kimekosea, nasi tusije tukakinunua.

Mjiolojia wa Songwe

Hakuna kilichokosea, Baba Neema, ila kimoja ni cha zamani zaidi. Brachiosaurus aliitwa hivyo mwaka 1903 kutokana na mifupa ya Colorado, Marekani. Janensch alipomchunguza yule wa Tendaguru aliona wanafanana, na mwaka 1914 akamwita Brachiosaurus brancai. Mwaka 1988 Gregory Paul alipendekeza jina la Giraffatitan, na mwaka 2009 Mike Taylor alilinganisha mifupa ya pande zote mbili akaonyesha tofauti nyingi za kutosha kuwatenganisha. Tangu hapo waandishi wengi wanamwita Giraffatitan brancai, kwa hiyo kitabu kilichochapishwa kabla ya mwaka 2009 kikitumia jina la Brachiosaurus hakina lawama. Cha Maier ni cha mwaka 2003, na kimetumia hilo la zamani.

Mwambie pia Neema kwamba kwa miaka mingi wachoraji walipotaka kumchora Brachiosaurus walikitazama kiunzi kikubwa cha mifupa kilichosimama Berlin, kwa kuwa yule wa Colorado hakuwa kamili. Kwa hiyo katika vitabu vingi vyenye picha hiyo, chini yake pakiwa pameandikwa Amerika Kaskazini, mnyama anayeonekana ni wa Lindi.

Mama Faraja, Berlin

Nathibitisha hilo la mwisho. Kiunzi kilisimamishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1937, kikasimamishwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2007 miguu ikiwa imenyooka na mkia ukiwa juu, na kina urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka sakafuni hadi kichwani. Fuvu lililo juu ni mfano, kwa sababu lile halisi ni dhaifu mno kuwekwa huko. Neema akipata kitabu chenye picha ya ukumbi huo, atazame mkia: ukiwa umelala chini, picha ilipigwa kabla ya mwaka 2007.